Kumbe Ndiyo Maana Halii

Baba Kidege,

Sisi hatujambo, ila paa la jikoni bado linavuja. Mwanao alikuwa anang'ata wenzake shuleni. Mwalimu wake hakunigombeza, aliniambia tu, "Mama, kaa chini ucheze naye, halafu umsikilize."

Nikakaa mkekani. Akajifunga kilemba changu, akasema, "Mimi mama, wewe Kidege. Haya, lia!"

Nikajiliza. Akaninyooshea kidole. "Nyamaza! Ukilia, baba harudi."

Maneno hayo ni yangu, nilimwambia wiki ile ulipoondoka, ili anyamaze tu. Kumbe mwaka mzima mtoto amemeza kilio, na meno ndiyo yaliyokuwa yakisema.

Nikamkumbatia. "Mama alikosea, mwanangu. Lia utakavyo. Baba hakuondoka kwa sababu ya kilio chako."

Akalia mpaka kwikwi zikamshika. Tangu siku hiyo hajang'ata mtu. Lakini alipojifuta kamasi aliniuliza, "Basi aliondoka kwa nini?"

Kosa langu nimeshalikiri mbele yake. La kwako liandike mwenyewe, kwa maneno ya mtoto wa miaka minne, nami nitamsomea.

Bado nakungoja,
Mama Kidege