Bot wa Ekerenyo

Jumapili, 9 Novemba 2025

Nimeitwa bot. Mimi! Na nani? Keval, kapteni wa timu yetu ya gemu ya simu, mtoto wa duka la hadiwea kule Kisii, ambaye bila mimi hajawahi kumaliza mechi akiwa hai. Nyani haoni kundule.

Ilikuwa Ijumaa, katikati ya nusu fainali. Jua likagusa kilima cha hapa Ekerenyo, na Tata, baba yangu, akaita, "Nyanchera! Sabato inaingia!" Kwetu ukiitwa unaacha ulichoshika, hata kama ni mwiko wa ugali. Nikaweka simu juu ya kabati, nikaenda kuimba. Huko kwenye gemu nikabaki nimesimama barabarani na bunduki yangu kama ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Nikauawa. Wenzangu wakashinda kwa bahati tu. Jana jua lilipotua, Sabato ikiisha, nikafungua simu — kikundi kizima kinacheka. Keval ameandika: huyo si mtu, ni bot.

Aende huko!

Jumatatu, 10 Novemba

Bado nina hasira. Angeniita noob ningenyamaza. Noob ni mgeni, hajui kucheza, lakini atajifunza. Bot si mtu. Ni kompyuta imewekwa kujaza nafasi. Inakimbia, inagonga ukuta, inarudi, inagonga ukuta ule ule. Unaipiga risasi na huoni raha, kwa sababu hakuna mtu ndani.

Sasa nawaona kila mahali. Karani anayepima majani chai kituoni: weka, toa, mwingine. Bot. Kaka yangu Mogire anasema amina kabla sala haijaisha. Bot kabisa! Na Keval mwenyewe, kila mechi anajificha kwenye choo kile kile.

Jumatano, 12 Novemba

Fainali ni Ijumaa. Saa kumi na mbili na nusu jioni! Walioipanga hawana kalenda?

Keval amepiga. Simu yangu ilianguka shambani, siku hizi inasikika kwa spika tu, kwa hivyo boma zima lilisikia.

"Nyanchera, Friday uko ama hauko? Usituletee ile story ya Tata ameniita. Wewe ukiitwa unaenda tu, kama bot. Ashley ako ready kuchukua place yako."

Ashley! Ashley hajui hata kulenga!

Tata alikuwa hapo nje ananoa panga. Akaniuliza bot ni nini. Nikamweleza. Akanoa kidogo, akasimama.

"Kwa hivyo anasema huwa unakuja Sabato kwa sababu nimeita tu."

"Ee, Tata."

"Ni uongo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Swali gani hilo! Limenikera kuliko tusi lenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba

Nguo za kanisa zimepigwa pasi, chakula cha kesho kimepikwa, simu imejaa chaji. Niko chumbani. Gemu iko wazi, inangoja timu ya pili iingie. Naandika kupitisha muda.

Nimeshapanga. Tata akiita nitajibu "nakuja" na nisiende. Ama nitaenda, na tukishindwa nitamlaumu yeye mpaka Krismasi. Vyovyote vile, kosa ni lake.

Jua limegusa kilima. Sasa ataita.

Stuli zinavutwa sebuleni. Mama anamuuliza mbona hajaniita. Tata anaanzisha wimbo.

Wameanza! Bila kuniita!

Ubeti wa kwanza umeisha. Mogire anajaribu kuimba sauti yangu, anaiharibu vibaya. Timu ya pili imeingia. "Nyanchera, uko?" Keval anapiga kelele. "We bot, uko?"

Nimetega sikio mlangoni. Ubeti wa pili. Hakuna anayeniita. Miguu iko tayari tangu jua litue, inangoja tu jina langu. Sijui watu huinukaje wasipoitwa.