Programu Inayomjibu Shangazi

Shoga, nimetoka kwenye usaili sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi, nakuandikia.

Waliniuliza kazi nilizowahi kufanya, nikajibu vizuri tu. Kisha mwenyekiti wa jopo akasema, "Na nyumbani unatengeneza nini kwa kujifurahisha?"

Nami kwa kiherehere nikawaonyesha, kwenye skrini kubwa, ile programu yangu inayojibu salamu za shangazi kila asubuhi. Ndiyo, ile ile uliyonikataza.

Papo hapo shangazi akaandika: "Mwanangu, nimeteleza bafuni, mguu umevimba."

Programu ikamjibu: "Nafurahi kusikia hivyo, shangazi! Uwe na siku njema."

NAFURAHI KUSIKIA HIVYO! Mbele ya watu watano!

Nikachomoa waya, nikampigia palepale huku nalia. Kumbe jirani alikuwa anamfunga bandeji.

"Tulia, mama," shangazi akaniambia. "Nilijua zamani kwamba si wewe. Tangu lini wewe ukaamka kabla ya saa tatu?"

Nikafuta machozi, nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke. Mwenyekiti akanizuia.

Kazi nimepata, shoga. Wanataka niwatengenezee nyingine kama hiyo, ya kujibu malalamiko ya wateja.