Kwa Kaka Pantaleo, Aliyempa Kila Daktari Ugonjwa Wake

Ni mwaka mmoja leo, kaka Pantaleo Bujiku, tangu tulipokulaza kijijini Samuye kando ya baba. Mahindi ya mkeo Klara yamefika hadi ukingoni mwa kaburi. Najua ungefurahi. Hukupenda ardhi ikae bure.

Bado tunakusikia ukija. Kifua chako kilipiga filimbi kabla hujafika mlangoni, na bado hukuruka salamu hata moja. Uliuliza ng'ombe, watoto, mvua, pumzi ikakukatikia katikati, ukaegemea baiskeli, ukainua kidole: "Ngoja, sijamaliza kukusalimia."

Vumbi la karasha tulilivuta wote wawili kule Geita, miaka kumi na moja ya kusaga mawe ya dhahabu na kitambaa tu puani. Wewe lilikushika kwanza. Ukahamia Maganzo kwenye udalali wa almasi. Mchimbaji aliyekuja na njaa, tayari kupokea chochote, ulimwambia thamani ya kweli ya jiwe lake. Wengi bado wanakutaja kwa hilo.

Lakini Maganzo ilikuzoesha jambo moja: mnunuzi mmoja haonyeshwi mawe yote. Ukaenda na tabia hiyo hospitali. Daktari wa kifua alipata kifua tu. Wa presha, presha. Wa sukari, sukari. Madaftari matatu ya kliniki: moja kabatini, moja chini ya godoro, moja kwenye koti. Ulisema, "Akiyaona yote ataniona nimekwisha, hatahangaika na mimi." Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilikusifu kwa akili. Nilikosea, na kosa hilo naliandika hapa.

Ikafika wiki huwezi kufunga vifungo vya shati bila kukaa. Klara hakubishana na wewe. Alichukua ungo wake wa kupepetea, akamwagia dawa zako zote na madaftari matatu, akaenda nao kwa daktari wa kifua, wewe nyuma yake unalalamika kwamba anakuaibisha.

Daktari huyo, Rhoda, aliupekua ungo kidonge kwa kidonge. Akaeleza kwamba kidonge chako kimoja cha presha kinaweza kumbana pumzi mtu mwenye kifua kama chako. Na vidonge alivyokupa yeye vilikuwa vinapandisha sukari, ambayo hakujua unayo. Akawapigia wenzake, wakabadilisha dawa, wakakuandikia daftari moja.

Ukamwambia, "Sasa umeona yote, dokta. Bei gani?"

"Mzee, ungekuja nayo yote mwanzoni, tungeanza mapema."

Tulipata miaka mitano zaidi. Kifua hakikupona, hakuna aliyekudanganya. Lakini ulipanda kunde, na kwenye harusi ya binti yako Loveness ulicheza umekaa, mabega tu, ukawashinda waliosimama.

Siku zako za mwisho uliniita. Hukuuliza shamba wala ng'ombe. "Charles, na wewe unakohoa. Umemwonyesha nani?" Nikasema ni vumbi la barabarani. Ukanitazama kama ulivyowatazama wale walioleta vipande vya chupa wakisema ni almasi.

Nilikaa na uongo huo miezi kumi na moja. Mwezi uliopita nikautungua ungo wa Klara ukutani. Nikatia dawa za presha ninazomeza nikikumbuka, vidonge vya tumbo vya dukani, na mizizi ya mganga wa kule Didia niliyomficha hata mke wangu. Nikauweka mezani kwa daktari Rhoda. Aliutambua.

"Ni vyote?"

Nikamwambia ni vyote.

Nina daftari moja sasa. Liko sebuleni juu ya meza, kila anayeingia analiona.

Unakumbukwa na mama yako Mariana, anayekuwekea kiti chako kila jioni; mkeo Klara; binti yako Loveness na mumewe Abel; dada yako Paskazia; madalali wenzako wa Maganzo; na mimi mdogo wako Charles.

Maadamu tunapumua, kaka, tutakukumbuka.