Nafasi ya Baba Kwenye Kampuni

Mwanangu, chai iko kwenye chupa. Karakanani ~~usiingie~~ ukiingia, usiogope.

Nimetangulia kwa msajili na fomu za kampuni yetu ya samani. Asubuhi nilipofika penye majina ya wakurugenzi wawili, mkono wenyewe ukaandika la marehemu baba yako. Nikataka kulifuta, mara nikasikia randa ikipita kwenye ubao karakanani. Nikaita, "Baba watoto?" Ikanyamaza. Nilipofungua hapakuwa na mtu, ila harufu ya mbao zilizorandwa sasa hivi, na tangu mazishi hatujagusa kitu mle.

Nililia, kisha nikachukua fomu nyingine nikakuandika wewe. Nifuate na kitambulisho, uje utie sahihi. Nakusubiri nje ya ofisi. Kuingia peke yangu siwezi.

Mama