Ruhusa ya Kijia cha Bevan

Nyumba ya Mwisho, Njia ya Kanisani,
Corvesley, Shropshire,
Uingereza.
14 Mei

Mpendwa dada Glenys,

Salamu zangu zivuke bahari zote hizo zikufikie huko New Zealand bila kulowa. Hujambo? Shemeji Rhodri hajambo, na mgongo wake je? Morwenna na mdogo wake nao? Mimi mzima. Kitambi kinatangulia, mwenyewe nafuata nyuma, nikikata kona watu wanajua nakuja kabla sijafika. Mvua inanyesha, kwa hiyo upande huo hakuna jipya.

Jipya liko kwa shangazi, mama yako. Usishtuke, haumwi. Nimeamua kuandika maana kwenye simu anakaa ubavuni kwangu ananikanyaga mguu, halafu wewe ukimuuliza anakujibu kila kitu sawa. Si sawa, dada.

Unakikumbuka kijia cha Bevan: unaingia lango la mbao nyuma ya baa, unafuata kijito, unapita kwenye miti ya matufaha, unatokea makaburi ya juu alikolala baba yako. Shangazi alikuwa anapita humo kila siku kwenda kumpa mzee wake umbea wa kijiji. Na mimi mkate wangu unatoka humo humo. Jumapili zinakuja familia kutoka Birmingham na vigari vya watoto na viatu vinavyoogopa tope, nawatembeza. Watoto nawaonyesha pango la jitu (ni shimo la mbweha, usinisaliti), wanalisha bata, tunamaliza kwa chai na keki, na muuzaji wa keki kwa bahati nzuri ni mimi.

Basi mzee Bevan akafariki, wanawe wakauza shamba. Aliyenunua anaitwa Bwana Tarrant, mtu wa London, hafugi hata kuku. Hakukaa sana, akafunga lango kwa mnyororo na kutundika kibao cha kukataza watu.

Kijiji kikachemka. Sheria ya huku unaijua: watu wakipita mahali miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuzuiwa na bila kumwomba mtu, njia inakuwa ya wote na mwenye shamba hana la kusema. Halmashauri ikamtuma afisa, binti mmoja mpole, aje kutusikiliza ukumbini. Hatukuwa na wasiwasi hata chembe. Barnaby wa mikate alisema alijifunzia kutembea humo humo. Mimi nikasema nimeshapitisha nusu ya Birmingham. Nikaona kazi imekwisha, nikaenda zangu kuuza chai mlangoni.

Hapo ndipo mama yako akasimama, na ile kofia yake ya mazishini. Hakuna aliyemwita. Aliona tunapiga kelele za haki yetu, haki yetu, kama watu wasio na mama, akataka binti wa watu ajue Corvesley kuna adabu.

"Mwanangu, usitufikirie vibaya," akamwambia. "Sisi hatukuvamia njia ya mtu. Kila Krismasi nilimpelekea Bwana Bevan pudingi, keki yetu ya sikukuu, nikamwomba kwa niaba ya kijiji kizima atuachie tupite mwaka mwingine. Naye alinijibu, piteni tu, Edna."

Yule binti akaacha kuandika. Akamuuliza taratibu kama kweli alikuwa anaomba kila mwaka.

"Kila mwaka. Sijakosa hata mmoja."

Akaketi, akanitazama kwa furaha kama mtu aliyefunga goli. Na kweli alifunga, dada, ila golini kwetu. Maana ukishapewa ruhusa wewe ni mgeni, na mgeni hata azeekee sebuleni, nyumba haiwi yake. Ukumbi mzima ulijua hilo isipokuwa yeye. Barnaby aliinamisha kichwa, na mimi nikamwaga chai.

Baada ya Pasaka jibu likaja: kijia si cha umma. Tukakubaliana tusimwambie shangazi sababu, tuseme tu Tarrant ana mawakili wakali. Uongo huo ulishika vizuri mpaka shangazi alipokwenda dukani kununua unga. Prudence Oakley alikuwa kwenye foleni, na unajua ulimi wake. Akasema mbele za watu: "Edna, ukienda tena kwa tajiri mpelekee na ufunguo wa nyumba yangu, uuweke juu ya pudingi." Watu wakacheka. Mama yako naye akacheka, hakuelewa. Akaja kuniuliza. Nikaleta mzaha, akanishika mkono wa shati, hakuniachia. Nikamwambia.

Tangu siku ile akawa hatoki. Dukani haendi, kanisani haendi. Lakini kilichonitia hofu ni kwamba aliacha kwenda kwa mzee wake makaburini. Nilipomhimiza aliniuliza atamweleza nini.

Biashara yangu nayo usiulize. Siku hizi nawapitisha wageni kwenye malisho ya Oakley. Jumapili iliyopita kigari cha mtoto kilizama kwenye mavi ya ng'ombe, na dume moja likasogea kutusaidia. Mtoto alifurahi mno. Mama yake hakufurahi kiasi hicho. Haya, mimi nitauza hata mawe, nihesabu mzima.

Wiki iliyopita nikajitia ushujaa nikaenda kwa Tarrant mwenyewe. Nilitegemea kukuta shetani, nikakuta mtu ana mafua, kavaa ndara za manyoya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hana ugomvi na bibi mtu mzima, apite siku yoyote anayotaka, ila aje mlangoni aombe, mara moja tu inatosha. Si mtu mbaya, dada, na hilo ndilo linaloniuma. Nikarudi mbio kama kuku aliyetaga.

Nilimweleza shangazi yote. Halafu akacheka, lakini si kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Denzil," akasema, "kuomba ndiko kulikotufungia lango. Siombi tena. Na mahali Prudence asipoweza kupita, mimi nikapite peke yangu kama nani?"

Akavaa buti zake akatoka. Nilidhani anakwenda bustanini. Alishika barabara ya malori ya kokoto.

Sasa ndiyo njia yake ya kwenda kwa mzee kila asubuhi. Unaijua ile barabara: haina njia ya miguu pembeni, ina kona, na madereva wanaendesha kama wanafukuzwa na mke. Mimi nafuata nyuma nimevaa kizibao cha njano nilichoazima kwa mafundi wa barabara wakiwa hawaangalii. Yeye haangalii nyuma, anaamini malori yanaheshimu kofia. Matusi yote nayapokea mimi. Jana lori lilimpitia karibu sana, upepo wake ukamtupa kwenye ua wa miiba kando ya barabara. Akainuka, akachomoa mwiba, akaendelea kupanda. Nilimsihi turudi, akaniambia kama nimechoka nikae. Nusu yangu inamwonea fahari. Nusu nyingine hailali.

Kwa hiyo nakuomba, usipige simu kumwambia aende kwa Tarrant. Nakujua, adabu zake umezirithi zote. Mwambie tu kwamba hakuharibu kitu, kwamba alikuwa anatutetea kwa namna aliyofundishwa. Mimi nikimwambia anadhani namtania, na kosa ni langu, nimemtania maisha yote. Wewe atakuamini.

Na ukiweza, njoo, hata kabla ya mavuno. Barabara ile inataka mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa nyuma yupo.

Msalimie Rhodri, Morwenna na mdogo wake, na paka kama bado yu hai. Barnaby anakusalimu. Prudence naye kakutumia salamu, kwa sauti ndogo. Mungu awafunike nyote huko mliko, na huku atuwekee mama.

Ni mimi nduguyo nikupendaye sana,
Denzil Pugh