Jicho Nililoagiza Lifunikwe

Jumatano. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri hapa Rahaleo, na bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja jana. Kwa miaka mingi nimeandika shajara hii nikijisahihisha kila mstari. Leo sina moyo wa kujisahihisha.

Dereva wetu, Athumani, yuko mahabusu siku ya tisa. Anatuhumiwa kwamba aliwapa ishara maadui walio ng'ambo ya Ruvuma kwa taa za gari. Hakuwapa ishara yoyote. Taa zilijiwasha.

Ni mimi niliyeziwasha.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, refu, rangi ya maziwa. Mtaalamu mmoja wa kigeni aliliacha ofisini kwetu mkataba wake ulipokwisha, nami ndiye msimamizi wa magari tangu nilipotolewa darasani. Juu ya dashibodi kuna kidude cha kioo ambacho madereva walikiita jicho. Giza likiingia, jicho hutambua, na taa kubwa huwaka bila mkono wa mtu. Swichi ya kulizuia ilivunjika kabla gari halijatufikia. Siku moja tulipopita chini ya mikorosho iliyoshikana, saa saba mchana, taa ziliwaka, na watoto wa njiani wakacheka hadi wakakaa chini.

"Mwalimu, gari lako linaogopa kiza kama mwali wa jana," Athumani alisema.

Mimi sikucheka. Nililipenda jicho lile. Kila mgeni aliyefika ofisini nilimpeleka uani akalione.

Tangu vita vya ng'ambo vilipozidi, amri ni moja: ukishapita Madimba kwenda Kilambo, jua likitua hakuna taa, hata ya baiskeli. Ndege za vita huvuka mto.

Siku aliyokamatwa, Athumani alikuwa anawapelekea wakimbizi wa Kilambo mablanketi. Alinijia na koleo mkononi.

"Mwalimu, niruhusu nikate waya mmoja tu. Nikirudi nauunga."

Nilimjibu kwamba mali ya serikali haikatwi waya bila kibali cha maandishi kutoka Dar es Salaam.

"Kibali kitafika mwakani. Mimi naondoka leo."

Nilimkemea kwa kujibu hivyo. Kisha nikafungua kitabu changu cha maagizo, chenye karatasi ya kaboni, nikaandika: Ukifika Madimba, kabla jua halijatua, funika jicho kwa kitambaa cheusi na ukikaze. Nikamsomea. Akatia sahihi. Hakuna dereva wangu aondokaye bila kutia sahihi.

Nilidhani jicho likifungwa halioni, na lisiloona halina la kutenda. Niliona kwa macho yangu kivuli cha mikorosho kikiziwasha taa zile, na bado nikaandika nilichoandika. Kitabu cha gari kilikuwa kabatini, kwa Kiingereza ninachokisoma bila shida. Nilikifungua Athumani alipokwisha kukamatwa. Ukurasa wa pili tu unasema: jicho likikosa mwanga, taa huwaka.

Nilimpa usiku wa kitambaa, akaufunga kwa mikono yake mwenyewe.

Alifunika. Taa zikawaka, mbele ya kizuizi cha mgambo, jua likiwa linazama. Akakaza kitambaa. Akakikunja mara mbili, akakaza tena. Akazima injini, lakini gari lile huacha taa zikiwaka kitambo ili mwenyewe aone njia ya kufika mlangoni. Mgambo walizivunja kwa marungu. Haukupita muda, ndege ikasikika upande wa mto. Hakuna aliyedhurika, ila hiyo ilitosha.

Nilipohojiwa mara ya kwanza, nilisema gari lina kasoro. Sikusema habari ya agizo.

Naye Athumani hakulitaja.

Leo alfajiri mkewe, Bi Somoe, alisimama mlangoni kwangu, kanga yake inachuruzika maji. Alikataa kuingia.

"Mwalimu, kesho wanampeleka Lindi. Na kutoka Lindi hakuna anayenambia wanampeleka wapi. Wewe unajua kusema nao. Sema."

Nikavaa koti. Nikachukua kitabu cha gari na nakala ya kaboni ya agizo langu.

Afisa anayeshughulikia jambo hili ana umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Mzee, taa inajiwasha yenyewe? Na asubuhi inajipikia chai?"

Wenzake wakacheka. Nikaomba twende tukalione gari. Limewekwa nyuma ya jengo, kwenye matope. Taa ni vipande, betri imeng'olewa, na mahali pa jicho pana tundu na nyaya mbili zinazoning'inia. Nikamsomea kitabu, nikimfasiria neno kwa neno. Akakichukua, akakigeuzageuza.

"Kitabu kinasema taa zinaweza kujiwasha. Hakisemi siku ile aliyeziwasha ni nani."

Ndipo nikampa nakala. Nilikuwa nimeichelewesha siku nane, nikidhani kwamba nikiitoa tu, mambo yamekwisha. Aliisoma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mahali mmepanga," alisema. "Saa mmepanga. Na sahihi mmetia."

Akaitia karatasi kwenye jalada, akaniamuru nisitoke mjini.

Maisha yangu yote nimeamini kwamba jambo lililoandikwa vizuri haliwezi kusomwa vibaya.

Waliniruhusu nimwone Athumani kupitia dirishani. Amekonda, na ndevu zimemwota. Kabla sijafungua kinywa alisema yeye.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe. Wallahi nilifunika, lakini nadhani sikukaza sawasawa."

Siku tisa amekaa mle ndani akilitafuta kosa lake.

Nilimwambia alikaza sawasawa. Nilimwambia agizo ndilo lililokosewa, na kwamba hata angekitupa kitambaa kile njiani asingefanya vibaya zaidi. Nikamwambia pia kuhusu koleo, kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mwalimu, wewe hukosei," akasema. "Usijitie humu kwa ajili yangu. Watoto wa watu wanakutegemea."

Hata yeye hakuniamini.

Nje, Bi Somoe alikuwa chini ya ukingo wa paa.

"Umesema?"

"Nimesema."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru tena.

Sasa natafuta sentensi moja ambayo, nikiisema kesho, haitaweza kugeuzwa. Nimejaza ukurasa mzima wa nyuma wa daftari hili, na kila moja nimeifuta. Koti nimelipiga pasi, lingali na unyevu. Nimeitwa tena kwa yule afisa, saa mbili asubuhi.

Lori la kumpeleka Athumani Lindi linaondoka saa moja.