Mbao Zetu Ziko Duwane

Nyamianda, Jumanne jioni

Na kosa ni langu, si la Amani. Mimi ndiye niliyembembeleza mume wangu mbao za sakafu azichongeshe kulekule Kigoma, ulimi upande huu, mfereji upande ule, ziingiliane, ili zikivuka ziwa tuzipigilie tu na kuhamia. Wiki tano za ndoa, tamu kama asali, na bado tunalala chumba cha nyuma kwa wazazi wake!

Leo afisa wa duwane, forodha ya bandarini, alipitisha kidole kwenye mfereji. "Mama, hii haiko tena mbao ya kupasuliwa tu. Iko sakafu tayari. Ushuru wake ni mwingine."

"Nitakwangua hizo ndimi zote, chef," Amani akamsihi mkubwa huyo.

"Weye fundi, minye naandika vile ilifika."

Ushuru huo hatuuwezi. Ijumaa wataziuza kwa mnada, na nyumba yetu itabaki udongo mtupu hadi...

Amani wangu alinishika mkono njia nzima, hakunilaumu hata kidogo. Mungu wangu, jinsi ninavyompenda. Afadhali angenigombeza.

Halafu mama akapiga simu toka Luvungi. "Nyumba imeisha? Nifunge unga nikuje?" Kwetu mama hali wala halali kwa wakwe wa binti yake, anangoja mlango wangu mwenyewe. Nilishindwa kumwambia.

"Usifunge kitu, mama," nikasema. "Nitakuja minye kukuona, mbele ya mwezi kuisha."